Kwa treni hadi Milima ya Udzungwa

Hifadhi ya Udzungwa haina barabara ndani yake: ni miguu tu, ndiyo maana imetulia. Ukienda kwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Dar es Salaam, shuka Mang'ula. Makao makuu ya hifadhi yako hapo hapo. Kaa upande wa kulia wa behewa. Ukishapita Kidatu, milima inainuka upande huo, na kushoto unafunguka uwanda wa bonde la Kilombero.

Kabla ya hapo reli inakata Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kukiwa bado na mwanga, tembo na twiga huonekana dirishani. Lakini treni hii huchelewa, wakati mwingine kwa saa nyingi, kwa hiyo usipange kupanda mlima siku ile ile ya kufika. Beba maji na kurunzi, maana unaweza kushushwa usiku wa manane.

Ndani ya Hifadhi ya Udzungwa, maporomoko ya maji ya Sanje yana urefu wa mita 170, kwa ngazi tatu. Tenga kama saa nne kwenda na kurudi, na mwongoza watalii ni lazima. Anzeni asubuhi: mbega wekundu wa Udzungwa bado wanakula juu ya miti, na jua halijawa kali. Machi hadi Mei njia huteleza vibaya, hasa kwenye mizizi, na wengi huanguka wakati wa kushuka. Viatu vyenye meno, tafadhali, si raba zilizolika. Kiingilio hakilipwi taslimu.