Siku 26 za beki wetu wa kulia

Jumamosi moja ya mwezi Mei, tulipokuwa tukijiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa hapa Lindi, beki wetu wa kulia, kijana wa miaka 15 anayesoma kidato cha pili, aligongana kichwa na mshambuliaji wa timu pinzani walipokuwa wakigombea mpira wa kona. Hakuzimia. Aliinuka mwenyewe, akajipangusa mchanga, kisha akaanza kutembea kuelekea lango la wapinzani kana kwamba ndilo letu. Nilipomuuliza tupo kipindi gani na nani amefunga bao la mwisho, alijibu kwamba mechi haijaanza. Nilimtoa palepale, na jioni hiyo daktari alimkagua kuona kama kuna dalili za hatari, yaani kutapika mfululizo, degedege, udhaifu wa mkono au mguu, na maumivu ya kichwa yanayozidi. Hakuwa nazo; alichokuwa nacho ni mtikisiko wa ubongo.

Siku ya tano mjomba wake alinijia shuleni. Huku kwetu kusini neno la mjomba lina uzito, nami nilimsikiliza kwa heshima. "Mwalimu," aliniambia, "mpwa wangu anakula, analala, kichwa hakimuumi. Mruhusuni acheze." Kijana naye aliapa kwamba hana kitu. Nilimwamini, nikamwambia azunguke uwanja taratibu. Mzunguko wa pili haukuisha. Nilimkuta ameshika mwamba wa goli, macho ameyafumba, anasema mwanga unamchoma. Baadaye ndipo alipokiri kuwa asubuhi alimeza panadol ili apite, kwa hofu kwamba nafasi yake ingechukuliwa. Kosa lile lilikuwa langu. Nilimpima mtoto kwa maneno yake peke yake, na mtoto anayependa mpira atakuambia amepona siku yoyote utakayomuuliza.

Mtikisiko wa ubongo ni mgumu kwa sababu hauachi alama. Picha ya CT hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliopasuka, na kwa mwenye mtikisiko kwa kawaida hutoka safi, kwa kuwa kilichovurugika ni utendaji wa ubongo. Ndiyo maana wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni waliokutana Amsterdam mwezi Oktoba 2022 walisisitiza kutazama mambo mengi kwa pamoja. Kipimo chao cha SCAT6, cha kumkagua mchezaji anayeshukiwa kuwa na mtikisiko, kinauliza dalili 22, kila moja ikipewa alama kuanzia 0 hadi 6. Kinampa mchezaji orodha ya maneno ayakariri na kuyarudia tena baada ya dakika zisizopungua 5. Kinamtaka ataje miezi kinyumenyume, kisha asimame kwa sekunde 20 katika kila mkao wa mikao mitatu, akiwa amefumba macho na mikono iko kiunoni. Kazi hiyo haifanyiki vizuri chini ya dakika 10, na nguvu yake kubwa ni ndani ya saa 72 za mwanzo. Siku zikisogea, daktari hutumia uchunguzi mpana zaidi, unaogusa pia mwendo wa macho, shingo, usingizi, hofu na huzuni, pamoja na mapigo ya moyo mtoto anapoinuka kutoka kitandani.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyetusaidia alinifundisha jambo ambalo nisingelipata kwenye karatasi: kipimo kinasomeka vizuri zaidi ukijua mtoto alikuwaje kabla ya kuumia. Wapo wanafunzi wangu wenye afya kamili wanaokwama kwenye Septemba wakihesabu miezi kurudi nyuma. Kichwa kuuma, uchovu na kichefuchefu ni dalili za malaria pia, ugonjwa ambao Lindi tunaujua vizuri mno, na aliyefunga Ramadhani atataja baadhi ya dalili hizo saa kumi jioni bila kuguswa na mtu. Hata mahali pa kupimia pana maneno yake, maana kusimama kwa mguu mmoja juu ya mchanga wetu kunamyumbisha yeyote. Tulihamia barazani, kwenye sakafu ya saruji, na kila mara tulimpima saa ileile, akiwa amepumzika.

Darasa lilitangulia uwanja. Baada ya siku mbili za mapumziko ya kadiri, mtoto hahitaji kufungiwa gizani; alianza kwa vipindi viwili kwa siku, na mwalimu wa hesabu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia kwamba kijana anasoma swali moja mara tatu. Taarifa hiyo niliithamini kuliko alama zangu zote. Sambamba na masomo alitembea, kisha akakimbia polepole, huku tukihesabu mapigo ya moyo kwa vidole na saa ya simu: kwa umri wake kiwango cha juu kinakadiriwa kuwa 205 kwa dakika, hivyo hatua nyepesi iliishia 113, karibu asilimia 55 ya kiwango hicho, na iliyofuata 143, karibu asilimia 70. Kabla na baada ya mazoezi alitaja ukali wa dalili kuanzia 0 hadi 10. Zikipanda kwa zaidi ya alama 2, au zikikaa saa nzima, tulisimama na kujaribu tena kesho yake.

Siku ya 17 dalili zilikuwa zimekwisha, hata baada ya kukimbia kwa nguvu, na ni mama yake niliyemuuliza kwanza kuhusu panadol. Daktari aliandika ruhusa, ndipo tukaendelea na mazoezi ya pasi bila kugusana, halafu mazoezi kamili, kila hatua ikichukua zaidi ya saa 24 ambazo ndizo kiwango cha chini. Mashindano ya mkoa yalikwisha bila yeye, naye alilia, na sikuwa na la kumfariji. Vijana wengi hupona ndani ya mwezi mmoja. Yeye alicheza tena siku ya 26, mechi ya kirafiki, dakika zote.

Januari hii nimewapima wachezaji wote 22 barazani kabla ya mazoezi kuanza. Daftari liko kwenye kabati la ofisi ya michezo, na mjomba ameomba aoneshwe ukurasa wa mpwa wake.