Mtu Anaposimama Nje ya Dirisha Lako

Mtu usiyemfahamu amesimama karibu na nyumba yako. Hapigi hodi wala haendi zake, na kila ukichungulia bado yupo. Hajavunja kitu wala hajamtukana mtu, lakini shughuli za nyumbani zimeanza kusimama: umepunguza sauti ya redio, umewaita watoto waingie ndani, na nguo zilizo kwenye kamba umeona heri ziendelee kukaa huko. Ninaishi katika nyumba ya ghorofa ya chini ambayo dirisha lake la chumba cha kulala linatazamana na njia ya waenda kwa miguu, na hali hii ninaijua vizuri. Ninaandika kwa sababu kila suala hili linapozungumzwa watu hugawanyika pande mbili, wengine wakitaka kila mgeni atiliwe shaka, wengine wakisema njia ni ya wote na kwamba anayelalamika ana roho mbaya. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinabishana kuhusu mtu aliyesimama, ilhali linalopaswa kuangaliwa ni anachokifanya, mahali anapokifanyia na muda anaoutumia.

Mwaka 1966 mwanaanthropolojia wa Marekani Edward T. Hall alieleza jinsi watu wanavyopima umbali kati yao bila hata kufikiri. Hadi sentimita 45 hivi ni nafasi ya watu wa karibu sana, kuanzia hapo hadi mita 1.2 ni ya marafiki na jamaa, na kutoka mita 1.2 hadi 3.6 hivi ndipo tunapokutana na watu wa shughuli za kawaida. Vipimo hivyo vilitokana na Wamarekani aliowachunguza, naye mwenyewe alisisitiza kwamba hubadilika kutoka jamii moja hadi nyingine. Nadhani ukuta hauvifuti vipimo hivi kama tunavyodhani. Kitanda changu kimegusa ukuta wa upande wa njia, na mtu akija kuegemea ukuta huo kwa nje anakuwa karibu nami kuliko watu wawili wanaokula kwenye meza moja. Ninamsikia akikohoa, ninasikia anavyobishana na mtu kwenye simu kuhusu deni, na moshi wa sigara yake unapita kwenye wavu wa dirisha hadi kwenye mto ninaolalia. Pengine yeye mwenyewe hajui kabisa kwamba upande wa pili kuna mtu. Hana kosa la kuadhibiwa, na bado ameingia mahali ambapo hakukaribishwa.

Usiku jambo hili huwa zito zaidi. Taa inapowaka ndani na nje kukiwa na giza, kioo cha dirisha humwonyesha aliye ndani sura yake mwenyewe, wakati aliye nje anakiona chumba chote, na pazia jepesi lililokusitiri vizuri mchana halikusitiri tena. Aliye ndani anaonekana bila kuona. Wanawake wanaoishi peke yao wanalifahamu hili kuliko mtu yeyote, na wengi wao hupanga jioni zao kwa kulizingatia: taa ipi iwashwe, pazia lifungwe saa ngapi, dirisha lipi lisifunguliwe hata joto likizidi. Anayewaambia kwamba wanajitia hofu bure hajawahi kusimama ndani ya chumba chenye mwanga akijiuliza ni nani anayemtazama.

Sheria imewahi kulitafakari eneo hili dogo lililo kati ya njia na mlango. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyotokana na polisi kumpeleka mbwa wa kunusa dawa za kulevya hadi kwenye mlango wa nyumba ya mtu bila hati ya upekuzi. Majaji walio wengi walieleza kwamba mgeni yeyote ana ruhusa isiyotamkwa ya kufuata njia hadi mlangoni, kubisha, kungoja kidogo apokelewe na, asipokaribishwa, kuondoka. Askari anaweza kufanya hivyo kama mtu mwingine yeyote, lakini ruhusa hiyo haimwezeshi kuleta mbwa aanze kunusanusa kwenye kibaraza. Ninaupenda uamuzi huo kwa sababu unaonyesha kwamba ruhusa ya kusogelea nyumba imefungamana na shughuli na muda. Anayegawa barua, anayesoma mita na mtoto aliyefuata mpira wake wote wamo ndani ya ruhusa hiyo, kisha huondoka.

Ndiyo maana ninatofautisha. Anayetazama namba za nyumba huku ameshika simu sikioni amepotea au anamngoja mtu. Anayeketi kwenye ukingo wa ukuta mchana wa jua kali amechoka. Lakini anayejaribu kitasa kimoja baada ya kingine, anayesogeza uso kwenye kioo, au anayejibanza nyuma ya mti kila gari linapopita, huyo anafanya jambo linalostahili simu ya polisi hata kama amevaa suti. Wa kutisha kuliko wote ni yule anayerudi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1997 inayolinda watu dhidi ya usumbufu inadai mwenendo uliotokea angalau mara 2, na kwa hakika kurudi huko ndiko kunakobadilisha maana ya kusimama. Kwa hiyo anayehisi kwamba kuna mtu anayemfuatilia aandike tarehe, saa, mavazi, upande aliotokea na namba ya gari kama lipo, aandike siku hiyohiyo, kisha amwambie jirani mmoja anayemwamini.

Kinachoniumiza ni jinsi tahadhari inavyogeuka haraka kuwa hukumu. Februari 26, 2012, katika mji wa Sanford, Florida, kijana wa miaka 17 aliyeitwa Trayvon Martin alikuwa anatembea kurudi kwenye nyumba alimokuwa amefikia, ametoka dukani kununua peremende na kinywaji. Mtu wa kujitolea katika ulinzi wa mtaa alimwona, akapiga simu polisi kwamba kuna mtu anayetia shaka, akamfuata ingawa aliyepokea simu alimwambia hakuna haja ya kufanya hivyo, na dakika chache baadaye kijana akafa kwa risasi. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwachia huru aliyempiga risasi. Trayvon hakuwa amechungulia dirisha la mtu. Kila ninapoona picha ya mtu asiyejulikana ikisambazwa kwenye kundi la simu la majirani, na chini yake maneno ya kumwita mwizi, ninamkumbuka kijana yule. Picha kama hiyo haifutiki, na anayeipokea akiwa na hasira haulizi ushahidi.

Mimi hutumia salamu, lakini si katika kila hali: usiku wa manane, au ukiwa peke yako na mtu anajaribu mlango, usitoke wala usifungue, washa taa za nje na upige simu. Mchana, ninapoona mtu amekaa kupita kiasi, hufungua dirisha na kusema kwa sauti ya kawaida, "Habari za saa hizi, unamtafuta nani nikuelekeze?" Mwenye shughuli halali hufurahi kuulizwa, tena mara nyingi huwa anahitaji kuelekezwa kweli, na mwenye nia nyingine anajua kwamba ameonekana na sura yake imeshikwa. Mwandishi Jane Jacobs alieleza mwaka 1961 kwamba mitaa hulindwa zaidi na macho ya watu wake wa kila siku kuliko na polisi. Ningeongeza tu kwamba macho hayo yawe na ulimi wa adabu.

Nao wanaolazimika kungoja karibu na nyumba za watu, kama madereva, mafundi na wapeleka mizigo, wanaweza kutupunguzia mashaka kwa mambo madogo. Simama mahali penye mwanga, mbali na madirisha. Usiegemee ukuta wa nyumba ambayo haikukuita. Simu ya ugomvi izungumzie ukiwa unatembea. Dereva ambaye abiria wake anachelewa azime taa kali zinazomulika chumba cha jirani, asogee mbele ya nyumba iliyomwita, na akiulizwa anamngoja nani, ajibu bila kuona kwamba amevunjiwa heshima.