Mtoto njiti na vile vimiondoko vidogo

Mwanangu alizaliwa wiki ya 29, kilo moja na gramu 150, siku ya tatu daktari akampiga ultrasaundi ya kichwa kupitia utosini akaniambia kuna damu imevujia kwenye ubongo. Baada ya hapo sikusikia kingine. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba watoto wanaozaliwa kabla ya wiki ya 32 wana vimishipa laini sana katikati ya ubongo, vinapasuka kirahisi hasa siku tatu za mwanzo, na wala sio kwa sababu mama alibeba ndoo. Naliandika hili makusudi maana nilijilaumu mno na ndugu nao walinisaidia kujilaumu.

Tuliporuhusiwa niliambiwa nisubiri nione kama atakaa, ndo ijulikane kama ile damu imemwathiri. Yani nisubiri tu, miezi yote hiyo! Dada mmoja wa fiziotherapia, wale wa mazoezi ya viungo, ndo aliyenifungua macho, akaniambia hesabu umri kuanzia tarehe uliyotakiwa kujifungua, akifika miezi mitatu kwa hesabu hiyo nimrekodi video kwa simu, tuangalie vile vimiondoko vyake vidogo. Kwetu ilikua kama miezi mitano na nusu toka azaliwe.

Masharti yake: alale chali, awe macho, ametulia, ameshiba, mikono na miguu iwe wazi, bila chuchu ya bandia wala midoli, na mimi nisimsemeshe. Dakika tatu mpaka tano tu.

Mama mkwe alipoona akasema huyu mtoto hatulii, mfunge kanga. Kumbe kule kutotulia ndo tulichokua tunakitafuta! Kiwiko kinacheza kidogo, kifundo cha mkono kinazunguka, shingo, kiuno, vidole vya miguu, kila kiungo na njia yake, kama maji yanayotaka kuchemka. Kinachotia wasiwasi ni kama vimiondoko hivyo havipo kabisa, au huko nyuma mtoto alikua anakakamaa mwili mzima kwa mpigo halafu unalegea wote kwa pamoja.

Aliyeyagundua haya ni daktari wa Austria, Heinz Prechtl. Mwaka 1997 yeye na wenzake walitoa utafiti wa watoto 130, na kati ya 70 waliokua na vimiondoko hivyo vizuri, 67 walikua bila tatizo la neva. Kati ya 60 ambao havikuwepo au vilikua na kasoro, 57 walikuja kupata tatizo, wengi mtindio wa ubongo. Na njia hii haihitaji mashine, inahitaji jicho lililofundishwa, ndo maana inaniuma kwamba mama wengi hawaambiwi.

Wa kwangu vilikuwepo. Mama niliyekua naye wodini, tulikua tunabeba watoto kifuani kangaruu kitanda kwa kitanda, wa kwake havikuonekana. Alilia sana, ila alianza mazoezi mtoto ana miezi minne ya hesabu ile, wakati angesubiri kukaa angeanza mwaka umeisha. Juzi kanitumia video, mtoto kashika kijiko kwa mkono wa kulia, ule uliokua mzito.