Theluji ya masika kwa miguu ya Dar

Dar haina mlima. Tuna sehemu inaitwa Mlimani, na ukipanda kutoka Ubungo hadi Chuo Kikuu utahema kidogo, lakini mwambie mtu wa Marangu kwamba pale ndipo mlimani uone atakavyokucheka. Mimi ndiko nilikofanyia mazoezi. Nina miaka 41, kazi yangu ni uhasibu wa kukaa kutwa Posta, na Jumamosi nakimbia na wenzangu wa jogging hadi Daraja la Tanzanite na kurudi. Nilishakimbia nusu marathoni Moshi mara mbili, na mara zote Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kilikuwa kimekaa pale juu kinatutazama tunavyotaabika na vilima vya barabarani. Mara ya pili nikaapa: nitapanda, na kushuka nitashuka mbio.

Tatizo likawa likizo. Niliyopewa ni ya mwanzoni mwa Juni. Wengi hupanda Januari na Februari, au Julai hadi Oktoba, kukiwa kumekauka. Mwanzo wa Juni huku chini masika yamekwisha, watu wameshaanika magodoro, lakini kule juu mvua ya Machi hadi Mei huwa haikushuka kama mvua. Imeshuka theluji, na haijaondoka. Gaidi wangu (ndivyo tunavyowaita waongoza wapanda mlima, bila kuwaogopa polisi) alinipigia simu wiki tatu kabla.

"Dada, kutoka Kibo Hut kwenda Gilman's bado ni nyeupe. Umewahi kukanyaga theluji?"

(Kibo Hut ni kambi ya mwisho, Gilman's iko ukingoni mwa kreta.) Nikamwambia nimewahi kushika barafu ya samaki. Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.

Kesho yake alfajiri nilikwenda Feri, sokoni kwa samaki. Kuna kaka mmoja ninayenunua kwake vibua, ana masanduku yamejaa barafu ya kupondapondwa. Nikamwomba niingize mkono. Nilikuwa nimevaa glavu za sufu nilizonunua mitumbani Karume, nzito, nzuri, zinanuka kabati la mtu wa Ulaya. Nikaanza kuhesabu. Kabla sijafika mia mbili maji yalishapenya, na vidole vikaanza kuuma ule uchungu wa kwenye mfupa. Nikavua, nikavaa pea nyingine kavu, juu yake glavu za mpira za kuoshea vyombo saizi kubwa. Nikahesabu mpaka mia sita. Baridi ilikuwepo, ila mkono ulikuwa mkavu na vidole vinakunjika. Watu walikuwa wamejaa kunitazama. Yule kaka akasema, "Dada, hiyo barafu utailipia?" Nikampa elfu mbili, nikaondoka nimejua kitu: adui si baridi, ni maji. Nikaenda nyumbani nikaanza kutunza vifuko vya mkate, vya kuvaa kati ya soksi ya ndani na ya nje.

Mazoezi mengine sitayasimulia sana. Ngazi za jengo la ofisini, ghorofa 14, begani begi lenye chupa sita za maji za lita moja na nusu, mpaka mlinzi akaniuliza kama lifti imeharibika. Jumapili, vilima vya Pugu na Kisarawe. Na mchanga wa Coco Beach, ule laini wa juu ambao mguu unazama na kurudi nyuma. Kama ningeambiwa nichague kimoja tu, ningechagua mchanga. Daraja la Tanzanite linapendeza kwenye picha, kwa mlima halikunisaidia hata chembe.

Basi kutoka Mbezi hadi Moshi lilinichukua kutwa nzima. Moshi nikakodisha fimbo mbili, taa ya kichwani, vikinga vya kufunga kuanzia kwenye buti hadi chini ya goti ili theluji isiingie, na minyororo ya mpira yenye meno ya chuma ya kuvalisha chini ya buti. Gaidi wangu aliikagua jino kwa jino, akairudisha moja, akadai nyingine. Ni mtu wa Marangu, hukohuko alikotoka Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa alimwongoza Mjerumani Hans Meyer hadi kileleni mwaka 1889, kwa hiyo nikaona si wa kubishana naye habari za viatu.

Siku za chini zilipita vizuri. Kambi ya Mandara, mita 2,720, msitu na ukungu. Kambi ya Horombo, mita 3,720, tulilala usiku mbili ili mwili uzoee, katikati tukatembea hadi Mawe ya Pundamilia na kurudi. Nilitaka kukimbia, nikakatazwa. Mguu wa Dar una nguvu, mapafu yametoka usawa wa bahari. Siku ya nne tukavuka lile jangwa la katikati ya Mawenzi na Kibo, tukafika Kibo Hut, mita 4,720, nikanywa uji na kushindwa kulala.

Tuliondoka saa tano na nusu usiku. Nilidhani watu huanza usiku ili waone jua likichomoza, wapige picha. Kumbe ni theluji yenyewe. Usiku inaganda, uso wake unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji, ukiupiga unaitika. Tuko jirani na ikweta, jua likitoka halizungukizunguki, linapanda moja kwa moja, na ikifika saa nne au tano ile sakafu imeshakuwa uji. Kupanda unataka sakafu. Kushuka unataka wakati mfupi ulio katikati, sakafu imelegea kidogo lakini haijawa uji. Gaidi wangu alikuwa anapiga hesabu ya wakati huo tangu Moshi, mimi sijui.

Theluji ilianza kabla hatujafika pango la Hans Meyer, kwanza madoadoa, baadaye mteremko mzima. Akanifundisha hapohapo, taa zetu zikimulika miguu. Piga teke, ncha ya kiatu iingie. Piga tena. Simama juu yake, pumua, ndipo uhamishe mguu wa pili. Ukikuta shimo la aliyetangulia, tumia la kwake, usijidai. Njia inakwenda kwa kukata kona, kushoto, kulia, kushoto, na kila kona ndipo pa kuteleza, kwa sababu mwili unageuka kabla ya mguu. Mita 965 za kupanda hadi Gilman's, ambako hewa unayovuta inakaribia kuwa nusu ya ile ya Posta. Nilikuwa nahesabu hatua kumi na mbili, napumzika. Baadaye nane. Baadaye sikuhesabu.

Nilikuwa nimefunga kanga usoni, ya mama, niliichukua bila kuomba. Pumzi yangu ikailowanisha, upepo ukaigandisha, na kufika saa tisa usiku ilikuwa imekauka kama boksi la viatu, inagonga kidevu kila nikigeuka. Jina lake: Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu. Nilicheka peke yangu gizani, mpaka gaidi akanimulika machoni kuona kama akili bado ipo.

Gilman's, mita 5,685, tulifika kumekucha. Mpaka Uhuru, kileleni kabisa, mita 5,895, tulitembea ukingoni mwa kreta kwenye njia nyembamba iliyochongwa na miguu ya watu, theluji kushoto na kulia. Nilivaa miwani myeusi ya pembeni kufunikwa, na bado machozi yalitoka. Gaidi akanionyesha kwa fimbo mahali ambapo barafu ya kudumu ilikuwa imefika alipoanza kazi ya upagazi, na sasa ni mawe. Tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kibo imekwisha. Hii theluji ya masika isikudanganye, ni nguo tu, mwezi unaofuata imevuliwa.

Pale kileleni nilipewa dakika kumi. Nililia kidogo, nikapiga picha tatu. Akaangalia jua, akasema, "Twende, dada. Sasa hivi."

Turudi kwenye kiapo changu. Chini ya Gilman's kuna miamba yenye barafu ya kioo, pale tulitembea, tena kwa adabu. Baada ya hapo mteremko ukafunguka, mweupe, umelegea juu kama sentimita tano. Akamtanguliza msaidizi wake asimame chini, upande wenye mawe. Akaniambia haya, kimbia.

Nilikimbia hatua labda sita. Nilifanya kile ambacho kila mtu wa tambarare hufanya kwenye mteremko: niliegemea nyuma. Kisigino kikatangulia kwa ubavu badala ya kuchoma, miguu ikaenda mbele, nikakaa, na kukaa kwenye theluji ya mteremko ni kupanda gari lisilo na breki. Fimbo moja ikaenda zake. Nilisikia sauti ya suruali ikikwaruza, kama mtu anachana kanzu ndefu isiyokwisha. Nilichokumbuka ni maelezo ya usiku: geuka kifudifudi, ncha za viatu ndani, viwiko ndani. Nikasimama baada ya mita kama kumi na tano, theluji mdomoni, kiwiko kinawaka moto.

Gaidi alinifikia bila haraka. "Nani alikuambia ukae?"

Akanisimamisha, akanisukuma mgongo mpaka pua yangu ikawa mbele ya vidole vya miguu. Mwili wote ulikataa, unaona kabisa unakwenda kuanguka kifudifudi. Lakini ukisimama hivyo uzito unashuka moja kwa moja kwenye kisigino, na kisigino kinachoma theluji kama jembe, kinashika. Goti usilinyooshe. Hatua fupi, za kishindo, mikono imepanuka. Hatua ndefu ni za kwenye lami. Nikajaribu kumi, nikasimama. Ishirini, nikasimama. Baada ya hapo sikusimama. Kila mguu ulikuwa unasema *tifu*, *tifu*, na ule mteremko ulionitesa usiku kucha ukawa unapita chini yangu kwa dakika. Sijawahi kukimbia hivyo maishani, na sidhani kama wenzangu wa Tanzanite wananiamini.

Kosa la pili lilikuwa la mawe. Niliona jiwe kubwa jeusi limejitokeza, nikalielekea, nikidhani karibu na jiwe ndipo penye usalama. Jiwe jeusi linashika joto la jua, theluji inayolizunguka inayeyukia chini huku juu pamebaki ganda. Nikazama mpaka pajani. Muundi ukachunika, alama ninayo mpaka leo. Toka hapo mawe meusi niliyapitia mbali kama ninavyowapitia mbali wadai wangu.

Theluji ilipokwisha zikaanza changarawe, na hapo ndipo Coco Beach iliponilipa. Mguu unazama, unateleza, na mimi siogopi, nimeshazoea. Tulipanda kwa zaidi ya saa sita, hadi Gilman's tu. Kushuka kutoka hapo mpaka Kibo Hut ilikuwa saa moja na robo, pamoja na muda wa kuanguka na kutafuta fimbo. Mwaka 2014 mkimbiaji wa milimani Karl Egloff alipanda na kushuka mlima mzima kwa saa 6 na dakika 42. Mimi kwa muda huo nilikuwa ndiyo kwanza niko Gilman's, tena nimeanzia Kibo Hut. Jioni nilikimbia pia kilomita kama tisa za kurudi Horombo, taratibu, kichwa kinagonga, na wapagazi wenye mizigo kichwani wakanipita wakinisalimia.

Vifuko vya mkate vilifanya kazi. Vidole vyote kumi vilirudi, isipokuwa kucha mbili za vidole gumba zilizogeuka nyeusi, kwa sababu nilisahau kukaza kamba za viatu kabla ya kushuka. Mama aliikagua kanga yake, akanusa, akaiweka kwenye maji bila kusema neno.

Wiki iliyofuata nilikwenda Feri. Yule kaka wa vibua alinikumbuka, akasogeza sanduku.

"Ehe, dada. Ilikuwa kama hii yangu?"

Nikaingiza mkono mtupu, nikaiminya. Ilikuwa imelegea kidogo juu, chini bado inashika.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa tulipoanza kushuka," nikamwambia.

"Basi umeiwahi," akasema, akinipimia kilo yangu. "Ukija hapa saa tano utakuta maji."