Siku moja maishani mwangu: bunduki imerudi kutoka kwa fundi

Saa 11:30 alfajiri

Mwezi wa saba baridi ya Dodoma haina mzaha, na upepo wake unapenyeza vumbi hadi ndani ya kabati lililofungwa. Mimi ni mtunza ghala la silaha wa kampuni ya ulinzi hapa mjini. Nafika kabla walinzi wa usiku hawajarudi, nafungua mlango wa chuma, nahesabu. Kabla ya chai nahesabu tena.

Saa 12 asubuhi

Zamu zinapokezana. Kila mlinzi anaelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga, anatoa risasi, ananionyesha chemba, pale risasi inapokaa, kuwa ni tupu, ndipo naipokea bunduki. Nasoma namba yake kwa sauti, naandika kwenye leja, anasaini. Watu wa nje wanadhani hiyo namba ni mambo ya makaratasi. Mbele ya sheria namba ndiyo bunduki yenyewe: iko kwenye leseni, iko polisi, iko kwangu. Silaha yenye namba iliyofutwa ni kesi.

Mzee wetu wa lindo la Kizota, anayelinda ghala la alizeti, ananikabidhi bunduki ya pampu aliyoazimwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Ile yangu imerudi?"

"Inakuja leo."

Anaulizia shotgani ya mitutu miwili, geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu), iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Ni ya zamani kuliko mimi na yeye. Ameibeba tangu sijaajiriwa, na anaijua uzito wake gizani.

Saa 3 asubuhi

Msimamizi wa doria anaileta. Kwa mbali inapendeza kweli: mitutu myeusi tititi, kitako kinang'aa vanishi. Walinzi wa akiba wanasogea kuitazama. "Imekuwa mpya!" anasema mmoja.

Naiweka mezani, naifungua, naitenganisha. Roho inaanza kuniuma kwenye skrubu. Midomo yake imeng'oka. Aliyezifungua alitumia bisibisi isiyolingana nazo. Nageuza mitutu nitazame tumbo lake, pale karibu na chemba. Mle ndimo zilimokuwa alama za majaribio. Birmingham kuna nyumba ya kupima mitutu, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge lao mwaka 1813, na mtutu uliopita pale hugongwa mhuri. Mihuri hiyo ndiyo inayomwambia mwenye bunduki kama mtutu umepimwa kwa baruti ya kisasa, na mara nyingi hata urefu wa chemba. Yetu ni chemba fupi, ya milimita 65, na risasi nyingi zinazouzwa leo ni za milimita 70. Ukizitumia humo ganda linakosa nafasi ya kufunguka vizuri na shinikizo linapanda. Sasa mihuri imesuguliwa kwa mashine mpaka imebaki vivuli. Namba nayo, tarakimu mbili za mwisho nazisoma kwa tochi ya pembeni, tena kwa sababu nazijua.

Naendelea. Naitundika mitutu kwenye kidole kwa lile jino lake la bawaba, naigonga polepole kwa mpini wa mti. Mitutu mizima hulia kama kengele. Hii imetoa mlio mfupi wenye mkwaruzo. Maana yake ukanda unaounganisha mitutu miwili umeachia. Naupitisha ukucha kwenye kiungo chake, unatoka na unga mweupe wa chumvi. Hapo nikaelewa: fundi amechemsha mitutu kwenye dawa ya kostiki, yaani magadi makali, ili ipate weusi wa haraka. Dawa hiyo ni sawa kwa bunduki ya mtutu mmoja. Mitutu pacha ya zamani imeunganishwa kwa lehemu laini, na kostiki inaila. Halafu hubaki humo ndani, ikikitia chuma kutu usipoona. Ya namna hii hutiwa weusi kwa kutu: unapaka dawa, unaacha ishike kutu, unachemsha kwa maji matupu, unasugua, unarudia, siku kadhaa. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Na tatizo tulilompelekea? Mitutu ilikuwa inacheza. Sasa haichezi, ila kwenye jino la bawaba kuna vishimo vya panchi. Amekigonga chuma kitanuke. Kitakaza leo, na kwa risasi chache kitalegea tena. Naingiza risasi bandia, navuta kifyatulio cha kulia: alama nzuri, ya kina. Cha kushoto: mkwaruzo tu. Springi ni ile ile iliyochoka.

Saa 5 asubuhi

Fundi anakuja nilipompigia. Ni mtu mzima, namwamkia, namkaribisha chai, kisha nampa mitutu aigonge mwenyewe. Anagonga. Ananyamaza kidogo.

"Mwanangu, wateja wa siku hizi wanataka ing'ae."

"Fundi, kwenye hati tuliandika mambo mawili tu: mitutu inacheza, na wa kushoto unagonga bila kulipua fataki ya kuwashia risasi. Weusi hatukuomba."

"Nilitaka kuwafurahisha."

"Mlinzi akiwa peke yake saa 8 usiku, mtutu wa kushoto ukikataa, atafurahi nini?"

Hakujibu. Akasema ataweka springi mpya bure. Nikamshukuru, nikakataa. Hajui mitutu pacha, na mitutu hii haiwezi kusuguliwa tena. Kila msasa unaopita unapunguza unene wa chuma. Tulikubaliana arudishe malipo ya awali. Kwa hilo amekuwa muungwana, na nimeliandika hivyo hivyo kwenye taarifa.

Saa 7 mchana

Ugali wa uwele na mlenda, haraka haraka.

Saa 8 mchana

Bosi anauliza kama haiwezi kutumika wakati tunasubiri. Namwambia haitoki ghalani kwa saini yangu. Namgongea mitutu asikie. Anakubali, na anatia saini barua ya polisi kuwaeleza hali ya namba, nikiambatanisha ukurasa wa leja yangu wenye namba kamili na mihuri yote niliyoinakili siku ilipoondoka. Wao ndio watakaoamua namna ya kuitia alama upya. Sisi haturuhusiwi kugusa.

Saa 12 jioni

Mzee wa Kizota amekuja mapema. Namweleza yote, kwa sababu ni yeye atakayeibeba. Anapitisha kidole kwenye ile vanishi.

"Walitakiwa kuipaka mafuta ya kitani tu," anasema. "Hii itateleza mkono ukiwa na jasho."

Hilo sikuwa nimeliona. Nimeliongeza kwenye orodha ya fundi atakayefuata, nikampa pampu, nikasoma namba yake kwa sauti, akasaini.