Alhamisi yangu na njuga za vizibo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chai inachemka, nami natoboa vizibo vya soda kwa msumari na kuvitunga kwenye lastiki. Leo kuna klabu ya densi, na wiki jana watoto watatu walikatikiwa na njuga.

Saa kumi na mbili na robo. Matatu ya kutoka Kayole, na Barabara ya Jogoo haisongi. Mfuko unalia kila breki. Kondakta ananiuliza, "Ticha, hizo zote ni sarafu?"

Asubuhi nzima ni masomo, Gredi ya 4. La kusimulia ni moja tu: yule msichana wa dawati la nyuma bado anaisomea meza badala ya kulisomea darasa.

Saa saba. Mama yake yuko mlangoni. "Mwalimu, mtoto nimemleta asome. Kucheza atacheza nyumbani." Namwambia Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku. Halafu namuuliza, nyumbani anachezea wapi? Wanakaa ghorofa ya nne, na ua wa ploti umejaa kamba za nguo. "Kwenye ngazi," anajibu, na kicheko kinamtoka. Tunakubaliana: mwisho saa kumi na nusu.

Saa tisa na nusu. Isukuti. Ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Huchezwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Kubwa yetu ilipasuka ngozi, kwa hiyo tuna jerikeni la lita 20. Mlinzi wa lango, mzee wa kutoka hukohuko Kakamega, hawezi kunyamaza: "Mwalimu, hilo ni gwaride! Mabega, mabega!"

Nawapanga mistari miwili. Bingwa wangu wa Hisabati, anayejibu kabla sijamaliza swali, huingia kabla ya jerikeni kulia. Kila mara. Mwisho anainamisha kichwa na kuchungulia miguu ya jirani yake. Jirani ni yule msichana wa dawati la nyuma. Darasani yeye ndiye humchungulia bingwa daftari. Hapa mambo yamegeuka, na msichana anajua, maana amepunguza hatua kidogo ili mwenzake amfuate. Kusoma kwa sauti bado hasomi, sitadanganya. Lakini bingwa ameanza kungoja, hata darasani.

Saa moja jioni. Nyumbani nahesabu njuga. Jozi moja haimo. Nahisi naijua iliko: inapanda na kushuka ngazi za ghorofa nne, na kesho saa saba nina mgeni.