Ngazi za Michenzani

Mama yangu hupanda ngazi kwa kuhesabu. Siku ya pili baada ya kurudi nilimshika mkono kutoka chini mpaka mlangoni kwake, ghorofa ya tatu. Alihesabu hamsini na nne, akasimama mara tatu kuvuta pumzi, na kila aliposimama palikuwa na mlango wazi na mtu wa kumwamkia. Nilikuwa Toronto miaka 16. Nilijua amezeeka, maana simu inaonesha uso. Magoti hayaonekani kwenye simu.

Nimerudi na azma moja: kumpatia nyumba isiyo na ngazi. Nimeshughulika miezi minne, na nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu mlio nje mnaotaka kununua fleti nyumbani Zanzibar.

Kwanza nilimpeleka Fumba. Wengi mmeuona mji ule mpya kwenye picha: ufukweni, bustani kila upande, kilomita kama 18 kutoka mjini. Ni pazuri kweli, na vijana wenye gari watapapenda. Tulioneshwa fleti ya chini, tukaelezwa bei kwa dola na ada ya huduma ya kila mwezi. Mama akatoka nje, akasimama kivulini. "Mwanangu, hapa nikiumwa usiku nitamgongea nani?"

Kiwanja sikukitaka. Ndugu yangu alinunua chake Kisauni kwa karatasi tu, na baadaye akatokea mtu wa pili mwenye karatasi kama yake. Kesi bado haijaisha.

Tukabaki na Michenzani. Wasioijua: ni majumba marefu ambayo watu huyaita matreni, yamepangwa kwa umbo la msalaba kando ya barabara mbili zinazokutana kwenye mzunguko. Mpango wa mji ulichorwa mwaka 1968 na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na ujenzi ukaanza zama za Mzee Karume. Nyumba za udongo za Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, zilibomolewa kuyapisha, na waliobomolewa wakapewa fleti. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka kwenye nyumba yenye uwa, mpapai na kisima cha jirani, akapandishwa juu kwenye umeme na mfereji wa maji ndani. Bibi alikuwa akisema mwaka wa kwanza alilala vibaya kwa kutosikia kuku.

Lifti hazikuwekwa. Baba alipofariki, jeneza lilishushwa kwa mabega ngazi zote zile, na pale kwenye kona walilazimika kulisimamisha kidogo ili lipite. Vijana wa ghorofa zote walijipanga kupokezana. Mimi nilikuwa mbali, niliona kwa simu ya mdogo wangu, picha ikikatika-katika. Ndiyo maana nikimsikia mtu anasema majumba yale yavunjwe tu, moyo unaniuma.

Lakini yanaoza, na hilo lazima lisemwe. Presha ya maji haifiki juu, kwa hiyo kila mtu na pampu yake na tangi lake. Bomba likivuja kwa wa juu, dari la wa chini linafanya ukungu, na ugomvi unaanza. Umeme wa ndani kila mtu ananunua kwa Tukuza yake, ile mita ya kulipia kabla, ila taa ya ngazi haina mwenyewe, basi ngazi ni giza. Ndani ya fleti utakuta marumaru na mapazia ya Dubai. Ukifungua mlango tu, nondo za dari la ngazi ziko nje zina kutu.

Kule Toronto nilikaa kondo, yaani fleti yako mwenyewe ndani ya jengo la watu wengi, ghorofa ya 21. Sheria ya Ontario inalazimisha kila jengo la namna ile liwe na mfuko wa akiba kwa matengenezo makubwa: paa, lifti, mabomba. Kabla hujanunua unaomba hati inayoonesha mfuko una kiasi gani na kama jengo lina kesi. Wakili wangu aliisoma siku mbili kabla ya kunikubalia nitie saini. Nilishangaa kwa nini anahangaika na paa wakati mimi nanunua vyumba viwili vya katikati. Mabomba makuu yalipobadilishwa miaka sita baadaye, nikaelewa.

Zanzibar nayo ina sheria ya kondominiamu tangu 2010. Ardhi ni ya umma, ila fleti unaweza kuimiliki kwa hati yako, na ngazi, paa na uwanja vinakuwa vyenu nyote. Basi, ndugu zangu, dalali akikuonesha jiko na bahari, muulize habari za paa. Nani analilinda? Pesa zinakaa wapi? Mahesabu anasomewa nani? Akibabaika, vaa viatu uondoke, hata kama bahari inaonekana kutoka kitandani.

Mama hatukumhamisha treni. Imepatikana fleti ya chini, mlango wa pili kutoka ngazi zetu. Mwenye fleti alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi, nikatoa. Na Jumapili, baada ya swala ya alasiri, tulikaa kibarazani watu wa nyumba tisa kati ya kumi za ngazi yetu. Tumekubaliana mchango wa kila mwezi, daftari likae kwa mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili, na kila mwisho wa mwezi lisomwe mbele ya watu. Wa kumi amesema atafikiri.

Kitanda cha Mama tulikishusha jana. Leo asubuhi, akiwa anakunywa chai na boflo lake mlangoni, aliniuliza mchango wa kwanza utanunua nini. Nikamwambia taa za ngazi.

"Ianze ile ya kona ya pili," akasema. "Pale ndipo watoto wa juu wanapoanguka wakitoka chuo cha Kurani."

Fundi anakuja kesho.